Mdogo Wangu, Pua Inayowasha Siyo Gripe

Wadogo zangu, kila mwezi wa tano unapoelekea mwisho na mvua zikaanza kuipa mgongo Bujumbura, maswali ninayopata kutoka Ruziba huwa ya aina moja. Dada, gripe yangu haiponi. Dada, mtoto anapiga chafya tangu anapoamka hadi anapofika shule. Dada, macho yananiwasha kama yametiwa pilipili. Na karibu kila anayeniuliza ameshakunywa antibiotiki, mara nyingi amoksisilini aliyouziwa farmasi bila kupimwa, na hajapata nafuu yoyote. Leo tukae tuliongee jambo hili mpaka liishe, maana nyumba nyingi zinatoa pesa ya chakula kununua dawa isiyohusiana kabisa na kinachowasumbua.

Gripe ya kweli ina tabia zake. Huja na homa au uchovu wa mwili, koo linauma, makamasi yanaanza kama maji kisha yanakuwa mazito, na baada ya wiki moja hivi inaondoka yenyewe. Mzio wa pua, ambao wengi wetu tunauita aleji, una tabia nyingine. Alama yake kubwa ni kuwasha: pua inawasha, macho yanawasha, hata kaakaa la mdomo linawasha hadi unalikwaruza kwa ulimi. Chafya zinakuja mfululizo, makamasi ni maji meupe yasiyobadilika, homa hakuna, na hali hiyo inadumu wiki nyingi, kisha inarudi majira yaleyale mwaka unaofuata. Mtazame mtoto wako. Akiwa na mazoea ya kupandisha pua kwa kiganja, akalala mdomo wazi, na chini ya macho pakawa na weusi ingawa hajakosa usingizi, huyo hana gripe. Kwa antibiotiki hatapona, kwa sababu hakuna bakteria wa kuuawa hapo. Mwili wake umekosea na kuiona chembe isiyo na madhara kuwa adui.

Chembe yenyewe mara nyingi ni chavua, ule unga mwembamba wa maua dume. Hapa kuna jambo ninalotaka lieleweke vizuri, maana linaokoa miti. Watu wengi huilaumu miembe. Mwembe huchanua kiangazi kinapoanza, unanukia mtaa mzima, na mtu mwenye mafua anaunyooshea kidole. Lakini miti yenye maua ya kupendeza na ya kunukia, mwembe, jakaranda, bogenvilia ya ukutani, hutegemea wadudu kubeba chavua yake. Chavua hiyo ni nzito na inanata, haisafiri mbali. Harufu ya maua inaweza kuichokoza pua ambayo tayari imevimba, hilo ni kweli, lakini mkosaji mkuu ni mmea ambao hauna hata ua la kuchuma: nyasi. Nyasi hazisubiri nyuki. Humwaga chavua kwenye upepo, nyingi mno, na upepo unaichukua. Kwa hiyo nakuomba, usiukate mwembe wako. Fyeka nyasi za uani kabla hazijatoa masuke.

Na nyasi ndizo zilizoizunguka Ruziba. Mtaa huu uko mwisho wa jiji kwa kusini, barabara ya Rumonge inapita, ziwa Tanganyika liko upande wa magharibi, milima imeinuka upande wa mashariki, na katikati kuna mashamba, vichaka vya matete, kingo za mito na viwanja visivyojengwa. Mvua zinazoanza mwezi wa tisa au wa kumi zinaotesha majani. Zinapokaribia kwisha, kuanzia mwezi wa nne hadi wa sita, majani hayo yanachanua. Hicho ndicho kipindi kigumu kwa wenye mzio wa nyasi. Mahindi nayo hutoa mbelewele, ila chavua yake ni nzito, huanguka karibu na shamba. Inamsumbua zaidi anayepalilia ndani yake au ambaye dirisha lake linatazama mistari ya mahindi. Michikichi huchanua mwaka mzima. Huko Singapore madaktari wamewapima watu wakakuta baadhi yao miili yao inaikataa chavua ya mchikichi huuhuu unaotupa mawese, basi kama kazi yako ni kukata mikungu na kila ukishuka unapiga chafya, liweke hilo akilini.

Kuna mmoja ambaye watu hawamshuku hata kidogo: lengalenga. Mboga tunayoipenda wote. Ikichumwa changa haina neno, lakini ikiachwa irefuke na kutoa masuke karibu na ukuta, chavua yake inapeperuka, na jamii ya mmea huu inajulikana duniani kote kwa kuamsha mzio. Ichume ingali laini. Kwa ajili ya mbegu, bakiza miche michache mbali na nyumba, mingine ing'oe.

Ndugu zetu waliohamia Brussels wakiamka asubuhi wanaweza kujua kiasi cha chavua iliyoko hewani, maana taasisi ya afya ya Ubelgiji, Sciensano, inaipima na kuitangaza. Kifaa chenyewe si cha ajabu: kinavuta hewa kama sisi tunavyovuta, chembe zinanasa kwenye utepe unaonata, kisha mtaalamu anazihesabu kwa hadubini. Uingereza, kwa chavua ya nyasi, wakikuta chembe 50 na zaidi katika mita moja ya ujazo ya hewa wanasema kiwango kiko juu. Zikifika 150, kiko juu sana. Afrika Kusini nao wana mtandao wao wa vipimo. Sisi Bujumbura tuna IGEBU, inayotupa habari za mvua na joto, na natamani siku moja taarifa yake iwe na mstari mmoja wa chavua. Si ndoto ya gharama kubwa. Mwaka 1873 daktari Charles Blackley wa Manchester, aliyekuwa mgonjwa wa mzio mwenyewe, alichapisha kitabu cha majaribio yake: alipaka vioo kitu kinachonata, akaviacha hewani, akavirusha hata juu kwa tiara, kisha akahesabu chembe zilizonasa. Walimu wa biolojia wa shule zetu, kioo mnacho, vaselini ipo dukani, na penye hadubini wanafunzi wanaweza kufanya kazi hiyohiyo.

Wakati tunasubiri, kipimo chako ni daftari. Daftari la shule, la kawaida. Kila jioni andika mistari miwili: leo pua na macho vilikuwaje, upepo ulitoka wapi, mvua ilinyesha au la, ulifanya kazi gani, ulilala wapi. Usiniambie huna muda, ni mistari miwili tu. Baada ya miezi kadhaa utaona mwenyewe kama shida yako inaamka majani yanapochanua, au kiangazi vumbi la barabara linapotimka na moto unapochoma vilima, au wakati wa mvua ukuta unapoota ukungu, au kila siku ya Mungu pasipo kujali msimu. Daftari hilo, ukimpelekea daktari, lina thamani kuliko maelezo ya nusu saa.

Sasa upepo, kwa sababu anayeishi kando ya ziwa ana bahati ambayo wa milimani hana. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko maji, kwa hiyo upepo unatoka ziwani kuja kwetu. Usiku unageuka: hewa iliyopoa inateremka kutoka milimani, inapita juu ya majani na mashamba, inakwenda ziwani, na inaendelea hivyo mpaka asubuhi. Juu ya maji hakuna nyasi. Nyasi nazo nyingi humwaga chavua asubuhi, umande unapokauka. Kwa hiyo katika miezi ile ya kuchanua, madirisha yanayotazama milima yafunge asubuhi, uyafungue mchana upepo wa ziwani unapokuwa umeshika. Kama unapikia imbabura, lile jiko la makaa, itoe nje kwanza. Usifunge madirisha ukiwa na makaa ndani hata kidogo, moshi wake unaua. Na wenye tuberkulosi au kikohozi ndani ya nyumba wanahitaji hewa ipite, hao wasifungiwe.

Kuna desturi yetu moja inayonikera kwa upendo, ya kuanika nguo juu ya majani. Shuka limefuliwa vizuri, jeupe, linatandazwa juu ya nyasi zilizotoa masuke, jua linalikausha, na usiku mtu mwenye mzio anaweka uso wake juu ya chavua yote iliyonasa humo. Funga kamba. Anika mchana, anua kabla giza halijaingia, kung'uta kabla ya kuingiza ndani. Ukirudi kutoka shamba au safari ya baisikeli, vua nguo za nje mlangoni, nawa uso, suuza nywele au angalau funga kitambaa kichwani ulipokuwa nje ili nywele zisibebe chavua hadi kwenye mto.

Na kazi za maendeleo za Jumamosi asubuhi? Tunatoka wote na mapanga na majembe, tunafyeka kando ya barabara, na wengine wanarudi nyumbani macho yamefumba. Kushiriki ni jambo jema, nami sikuambii ujifiche. Mwambie mkuu wa mtaa wazi kwamba kufyeka kunakuletea pumu, umwombe akupe kuzoa takataka au kazi nyingine iliyo mbali na panga. Ukilazimika kufyeka, vaa barakoa na miwani, ukimaliza oga papo hapo.

Lakini daftari likikuonyesha kwamba unateseka mwaka mzima, na hasa unapoamka, basi tuache nyasi tuingie chumbani. Humo kuna viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, wadudu wa vumbi, wanaoishi kwenye godoro na mito wakila magamba ya ngozi yetu, na wanapenda unyevu, ambao kando ya ziwa haukosekani. Kinyesi chao ndicho kinachowasha. Godoro la sponji litoe juani mara kwa mara, shuka fua kila wiki kwa maji ya moto sana, na mto uliozeeka uutupe bila huruma. Chandarua kifue, ukianike kivulini, ukirudishe mahali pake jioni ileile. Nasisitiza hili kwa sababu nimesikia watu wakisema wamekiondoa kwa ajili ya vumbi. Malaria ya bonde letu la Imbo haina subira na mtu.

Kisha kuna ukungu. Tangu 2020 ziwa lilipopanda na kuingia kwenye nyumba za watu wa pwani, na likapanda tena 2024, kuta nyingi zilizonyonya maji hazijawahi kukauka vizuri. Madoa meusi nyuma ya kabati ni kuvu, na mbegu zake zinaamsha mzio na pumu kama chavua. Kupaka rangi juu yake hakusaidii. Sugua kwa sabuni na brashi ukiwa umefunika pua, kausha, sogeza kabati mbali na ukuta, na mwenye mzio asiwe ndiye anayesugua. Nyumba ya kupanga ikiwa na ukuta unaotoa maji kila mvua, na una mtoto wa pumu, dada yako anakushauri utafute nyingine kabla ya kununua televisheni. Udi na ubani vilevile: najua vinavyopendwa Ijumaa na kwenye arusi, lakini penye kifua kinachobana moshi ni moshi hata ukinukia.

Tuje kwenye dawa. Ya kwanza ni maji ya chumvi, na ni ya bei nafuu kuliko zote. Chukua maji yaliyochemshwa hadi yakatokota, yaache yapoe yawe vuguvugu, kikombe kimoja cha robo lita utie nusu kijiko cha chai cha chumvi, usuuze pua kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ukiinamia beseni na kupumua kwa mdomo. Inaondoa chavua yenyewe. Usitumie maji ya ziwa wala ya bomba yasiyochemshwa, kwa sababu kuna vimelea ambavyo vikipitia puani ni hatari kwa ubongo.

Vidonge vya mzio vipo vya aina mbili. Vile vya zamani kama klorofenamini vinaleta usingizi. Usivimeze ukaendesha pikipiki au tukituki, na usimpe mtoto anayefanya mtihani. Vipya, setirizini na loratadini, hulewesha kidogo au havileweshi kabisa, na mara moja kwa siku inatosha. Vyote vinasaidia zaidi chafya na kuwasha kuliko kuziba. Pua ikiwa imeziba kwelikweli, dawa bora ni ya kupuliza puani yenye steroidi, kama beklometasoni au flutikasoni, inayotumika kila siku. Haifanyi kazi siku ya kwanza; inahitaji siku kadhaa hadi wiki mbili, na hapo ndipo wengi wanaiacha wakisema haifai. Ivumilie. Ile ya kuzibua pua papo hapo, ukiipita siku tano, pua itazoea na kuziba vibaya kuliko mwanzo. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto chini ya miaka miwili, hao wasinunuliwe kitu bila kuonwa na daktari.

Jihadharini na vidonge vinavyouzwa kama dawa ya mzio kumbe vina steroidi ndani. Mtu anapona siku mbili, anafurahi, anavirudia mwaka mzima, mashavu yanavimba, presha inapanda, sukari inapanda. Muulize mfamasia: ndani mna nini? Akishindwa kukujibu, toka. Na mvuke wa majani ya mkaratusi, ule wa kufunikwa kitenge juu ya sufuria, umeunguza watoto wengi na unaweza kukibana kifua chenye pumu. Asali tamu ni chakula kizuri, ila haijathibitika kwamba inaponya mzio.

Kikohozi kilichozidi wiki mbili kapime makohozi, kipimo cha tuberkulosi na dawa zake ni bure. Homa kapime malaria. Usije ukaliita kila jambo mzio kwa sababu ya maneno yangu.

Jambo linaloninyima raha kuliko yote ni pumu, maana pua na mapafu ni njia moja, na wengi wenye mzio wa pua wana pumu iliyojificha. Kikohozi kikavu cha usiku wa manane, kifua kinachopiga filimbi, mtoto anayekaa pembeni wenzake wakicheza mpira: nenda kituo cha afya. Tangu mwezi wa tano 2006 mtoto wa chini ya miaka mitano anatibiwa bila malipo katika vituo vya serikali, kwa hiyo usimcheleweshe kwa kutafuta pesa. Mwenye pumu anahitaji dawa mbili, siyo moja. Salbutamoli inafungua kifua saa ileile, lakini haitibu uvimbe ulio ndani. Anayeitegemea hiyo peke yake yuko hatarini, na tangu 2019 miongozo ya kimataifa ya pumu imeacha kuishauri peke yake kwa watu wazima na vijana. Dawa ya kinga, ya kuvuta, inatumika hata siku unazojisikia mzima. Kwa kuwa nyingi ni asubuhi na jioni, hata mwezi wa Ramadhani inaingia vizuri baada ya futari na wakati wa daku.

Mtoto hawezi kuvuta pampu vizuri kwa mdomo mtupu. Kifaa cha kumsaidia kikikosekana, tengeneza. Madaktari wa Cape Town, wakiongozwa na Heather Zar, walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita inafanya kazi sawa na kifaa cha dukani. Toboa kitako cha chupa kwa umbo la mdomo wa pampu, ziba pembeni hewa isivuje, mtoto aweke midomo kwenye mdomo wa chupa. Ioshe kwanza kwa sabuni, iache ikauke yenyewe bila kuifuta.

Na mvua ya radi itupiwe jicho. Tarehe 21 Novemba 2016, mvua ya radi iliyopiga Melbourne, Australia, majira ya nyasi kuchanua, ilipasua chavua ikawa vipande vidogo vinavyoingia hadi ndani ya mapafu. Maelfu walikimbilia hospitali na watu kumi walifariki, na wengi kati ya waliougua hawakujua kamwe kwamba walikuwa na pumu. Mvua za radi za mwezi wa nne na wa tano tunazo sisi pia. Wingu jeusi likishuka kutoka milimani na upepo ukaanza kuvuma, mwenye mzio aingie ndani, afunge madirisha, na pampu iwe mkononi.

Mtu akibanwa na kifua, mketishe wima, mpe mikupuo minne ya salbutamoli kwa chupa, mmoja mmoja, kila mkupuo avute pumzi nne. Subiri dakika nne, rudia. Kama hawezi kumaliza sentensi, midomo inageuka rangi, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta hewa, au filimbi imenyamaza huku bado anahangaika, usingoje kukuche na usiende farmasi. Tafuta gari usiku huohuo, mpeleke hospitali iliyo karibu, Prince Régent Charles au Kamenge, na uendelee kumpa dawa njiani.